Chungu cha Kipupwe: Mapishi ya Nyumbani na Furaha ya Jamaa Msimu wa Kusi

Msimu wa kipupwe umetufikia tena, alhamdulillahi, na dalili zake hazihitaji kutangazwa. Alfajiri watu huenda msikitini wamejitanda shuka. Watoto huyakimbia maji ya kuoga. Wazee huvuta viti vyao kutoka barazani hadi ndani, mahali ambapo upepo hauwafikii. Kusi, ambayo huanza kuvuma kiasi cha mwezi wa Aprili na kutuletea masika, huzidi nguvu kati ya Juni na Agosti, na hapo ndipo watu wa pwani husema kuwa baridi imeingia.

Msomaji wetu aliyeko Limuru au Nyahururu huenda akacheka. Usiku wa Julai mjini Mombasa joto hushuka hadi kiasi cha nyuzi 20 za selsiasi, na mchana halipiti sana nyuzi 28. Nairobi, usiku wa mwezi huohuo, hufika nyuzi 12 na hata chini ya hapo. Lakini baridi haipimwi kwa kipimajoto peke yake. Mwili uliozoea jua la Februari hushituka upepo wenye unyevu unapopenya katika nguo. Isitoshe, nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili ya kuhifadhi joto. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, nyua zilizo wazi katikati ya nyumba, paa za makuti na madirisha yanayoelekea bahari, yote hayo yalibuniwa na wazee wetu ili kuukaribisha upepo. Mwezi wa Julai upepo huo hukubali ule mwaliko kwa bidii kuliko tunavyotaka.

Basi watu huingia ndani. Baraza hubaki tupu mapema, milango hufungwa baada ya Isha, na jamaa nzima hujikuta chini ya paa moja kwa saa nyingi kuliko miezi mingine. Na inapoangukia likizo ya Agosti, watoto nao wapo nyumbani mchana kutwa. Hii ni fursa ambayo msimu unatupa bila ya sisi kuiomba. Swali letu wiki hii ni hili: je, watu waliokusanywa na baridi ndani ya nyumba moja wamo pamoja kweli? Katika nyumba nyingi kila mmoja huchukua sahani yake, akajitenga pembeni na simu yake, na nyumba ikanyamaza kama nyumba ya wageni. Tunaona kwamba dawa ya hali hiyo iko jikoni, na si ya gharama. Vyakula vya kipupwe vya pwani, tukivitazama vyema, vyote vina sifa mbili: vinashibisha kwa fedha kidogo, na haviwezi kupikwa wala kuliwa vizuri na mtu mmoja peke yake.

Bahari inapochafuka

Ili kuvielewa vyakula hivyo, yafaa kwanza tuitazame bahari. Kusi huitibua. Nje ya miamba mawimbi huwa makubwa, na wavuvi wenye mitumbwi, ngalawa na mashua ndogo hulazimika kuvua ndani ya miamba tu, au kubaki pwani wakishona nyavu. Samaki hupungua sokoni na bei yake hupanda. Kwa mnunuzi hilo ni usumbufu. Kwa nyumba ya mvuvi ni msimu mzima wa mkono mtupu, nao huja wakati uleule ambapo watoto wanahitaji sweta, viatu na fedha za shule.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kuwa chakula cha wenyeji kilikuwa zaidi ndizi na samaki, na kwamba nafaka ililetwa kisiwani kutoka pwani ya bara. Karibu miaka 700 imepita, na bado kisiwa kinatazama kinacholetwa na bahari upande mmoja na kinacholetwa kutoka bara upande wa pili. Bahari inapofunga mkono, bara hulazimika kufungua wake.

Wazee wetu waliijua hesabu hii. Wakati wa kaskazi, bahari ikiwa tulivu na jua ni kali, samaki waliozidi walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa, wakawa ng'onda. Papa naye akakaushwa vivyo hivyo. Mbaazi, kunde, choroko na maharagwe yakawekwa akiba. Muhogo ukaachwa shambani, kwani huko haukuharibika upesi. Na nazi haikukosekana. Kusi ilipoanza kuvuma, nyumba haikushituka. Tunapoyaita haya mapishi ya kimaskini tunawadhulumu waliotutangulia. Yalikuwa mapishi ya watu waliojua kuwa mwaka una nyuso mbili.

Tuanze na mbaazi

Hakuna harufu inayomtoa mtoto kitandani asubuhi ya Julai kama ya mahamri yanapoumuka ndani ya mafuta ya moto, yametiwa iliki na kukandwa kwa tui. Na mahamri hayana rafiki wa karibu kuliko mbaazi za nazi. Mbaazi kavu zina protini takriban gramu 20 katika kila gramu 100, kwa hivyo nyumba iliyokosa samaki haikukosa chakula cha kuujenga mwili. Nusu kilo ya mbaazi, ikipikwa vizuri, huwatosha watu sita.

Mbaazi huchaguliwa mawe na kuoshwa, kisha huroweshwa usiku kucha. Asubuhi maji hayo humwagwa na mbaazi huchemshwa kwa maji mapya hadi zilainike kabisa. Chumvi isitiwe mapema. Nazi mbili hukunwa na kukamuliwa mara mbili: tui la kwanza zito huwekwa kando, na tui la pili jepesi hutiwa ndani ya mbaazi pamoja na kitunguu kilichokatwa, bizari ya manjano kidogo na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Zikikaribia kukauka hutiwa tui zito na chumvi, na hapo mpishi asiondoke. Tui zito hukorogwa polepole bila kukoma mpaka lichemke, la sivyo hukatika. Zikishakuwa nzito na tui limezishika, chungu huepuliwa. Jioni, zile zilizobaki huwa tamu zaidi kuliko za asubuhi.

Njia hiyohiyo hufaa kwa muhogo. Muhogo mtamu, uliomenywa na kutolewa uzi wa katikati, huchemshwa hadi uive, kisha hupikwa kwa tui pamoja na vipande vichache vya nyama au ng'onda aliyeroweshwa ili kupunguza chumvi. Kipande kimoja cha ng'onda huweza kutia ladha chungu kizima, na huko ndiko kubana matumizi kusikomwacha mtu na njaa.

Supu na bokoboko

Jioni ya upepo, supu haina mpinzani. Mifupa ya ng'ombe au ya mbuzi huchemshwa kwa moto mdogo saa tatu au nne, pamoja na tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, pilipili manga, bizari nyembamba na kijiti cha mdalasini. Povu linalopanda mwanzoni huondolewa kwa upawa ili supu iwe safi. Viazi na karoti huongezwa nusu saa kabla ya kuepua, na ndimu hukamuliwa mezani, kila mtu kwa kadiri ya moyo wake. Mkate wa mofa au hata chapati ya jana, ikichovywa humo, hurudi ujana.

Lakini mfalme wa vyakula vya kipupwe, kwa rai yetu, ni bokoboko. Chakula hiki hujulikana Oman na Yemen kwa jina la harisi, na kimekaa nasi kwa sababu ya zile pepo mbili ambazo kwa karne nyingi zilileta majahazi kutoka Uarabuni kwa kaskazi na kuyarejesha kwa kusi. Nusu kilo ya ngano nzima iliyokobolewa huroweshwa usiku kucha. Kesho yake huchemshwa na nusu kilo ya nyama ya mbuzi, ng'ombe au kuku isiyo na mfupa, kwa maji mengi, chumvi na mdalasini. Moto uwe mdogo, na maji ya moto yaongezwe kila yanapopungua. Baada ya saa tatu hivi, ngano ikishapasuka na nyama ikawa inachambuka yenyewe, kijiti cha mdalasini hutolewa na kazi huanza: bokoboko hupondwa na kusongwa kwa mwiko hadi nyama na ngano viwe kitu kimoja kinachovutika. Hutandazwa katika sahani pana, ikamiminiwa samli ya moto na kunyunyiziwa vitunguu vilivyokaangwa vikawa vya rangi ya dhahabu. Wapo wanaoila na sukari, na hatugombani nao.

Anayelijua bokoboko anajua kuwa mkono mmoja hauliwezi. Mmoja hushika sufuria isiyumbe, wa pili husonga, wa tatu husubiri zamu. Kijana aliyejiona mwenye nguvu hugundua, baada ya dakika tano, kwa nini bibi yake alikuwa na mabega yale. Chakula chenyewe huita watu jikoni kabla hakijawaita mezani.

Katika miaka ya 2014 na 2015 Ramadhani iliangukia ndani ya kipupwe, na walio wakubwa watakumbuka jinsi futari za miaka ile zilivyokuwa nzito na moto: uji wenye pilipili manga, viazi vya nazi, supu, bokoboko. Mwaka wa Hijria huwa mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 10 au 11, kwa hivyo Ramadhani huizunguka misimu yote, nayo kusi hubaki mahali pake. Lakini hakuna sababu ya vyakula vile kungojea Ramadhani irudi Julai. Hali ya hewa iliyoviita bado inaviita.

Kila mmoja na kazi yake

Furaha ya nyumba haianzi chakula kinapopakuliwa. Huanza katika kukiandaa, maadamu kila mmoja amepewa kazi inayolingana na umri wake. Mtoto wa miaka minne au mitano huweza kuchagua mbaazi katika ungo na kutenga mawe. Macho yake ni makali kuliko yetu, na akipata jiwe hulitangaza kama aliyepata lulu. Wa miaka saba au minane humenya vitunguu saumu na kuhesabu iliki. Aliyefika miaka kumi na ushei hufundishwa kukaa juu ya mbuzi na kukuna nazi, kwanza chini ya uangalizi, kwa kuwa meno ya mbuzi hayasamehe kidole. Vijana wakubwa hukanda unga na kusonga bokoboko.

Hatusemi haya kwa ajili ya mabinti pekee. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa nyumbani alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na ulipofika wakati wa swala alitoka kwenda kuswali. Baba anayejua kuonja chumvi tu, na mvulana anayejua kuuliza chakula kimeiva lini, wana nafasi kubwa ya kuifuata sunna hii msimu huu ambapo nje hakuna pa kukaa. Mvuvi aliyezuiwa na bahari hujua kupaa samaki na kuwasha moto katika upepo kuliko wote waliomo nyumbani. Ujuzi huo watoto wake wakiuona jikoni, watamheshimu hata katika miezi ambayo mfuko wake ni mwepesi.

Na kinapopakuliwa, kipakuliwe katika sinia moja. Mafunzo ya adabu ya kula tunayafahamu tangu madrasa: kukusanyika juu ya chakula na kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kila mtu kula kilicho mbele yake. Sinia hufundisha mambo ambayo sahani haiwezi kuyafundisha. Mtoto hujifunza kumsukumia mdogo wake kipande cha nyama. Mkubwa hujifunza kupunguza tonge aonapo chakula kinakwisha. Simu na ziwekwe kikapuni mpaka mikono ioshwe. Nusu saa haimkoseshi mtu riziki.

Tahadhari ya moto wa makaa

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kuliandika kwa sauti ya chini. Upepo na mvua ya kusi huzima moto wa uani, na watu huingiza jiko la makaa ndani. Wengine, hasa jamaa zetu waliohamia Nairobi na sehemu nyingine za bara, huliacha liwake chumbani usiku ili wapate joto, wakafunga mlango na madirisha. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Aliyeivuta huumwa na kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, huishiwa nguvu. Na aliyelala huenda asiamke kabisa. Familia nzima huweza kufa kwa kutafuta joto.

Kwa hivyo, pikeni penye hewa inayopita, dirisha na mlango vikiwa wazi, hata kama baridi itaingia. Jiko lisilale chumbani na watu, hata likionekana limebaki majivu, kwani makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa sumu. Na mtu akianza kulalamikia kichwa au kulegea karibu na jiko, atolewe nje upesi kwenye hewa safi na apelekwe hospitali. Joto la usiku litafutwe katika blanketi, soksi na supu.

Baada ya Isha

Vyombo vikishaoshwa, usiku wa kipupwe bado ni mrefu. Hapa ndipo mahali pa vitendawili, mchezo usiohitaji umeme wala vifurushi vya intaneti. Mmoja huita, "Kitendawili!" nao huitika, "Tega!" Wakishindwa kukitegua, mtegaji hudai mji. Hupewa Lamu, au Malindi, au Makka. Naye huuingia mji ule, akausifu, akasimulia alivyopokewa na alivyolishwa huko, ndipo atoe jibu. Mtoto aliyecheza mchezo huu msimu mmoja hujifunza majina ya miji mingi na namna ya kusimulia mbele ya watu. Nyumba na zitunge vitendawili vyake zenyewe. Hivi hapa viwili vyetu vya kuanzia: mgeni wetu wa kila Julai hapigi hodi, na akiingia huufunga mlango mwenyewe kwa kishindo, jibu ni upepo wa kusi. Na cha pili: mzee mweusi mwenye kilemba cha mvuke, wakubwa kwa wadogo humwinamia, jibu ni chungu cha supu.

Kisha kuna hadithi. "Paukwa!" akiita babu, "Pakawa!" huitikia wajukuu, na hapo televisheni hupata adui. Wala si lazima hadithi ziwe za sungura na fisi tu. Watoto wengi hawajui jina la baba wa babu yao, wala jahazi alilosafiria, wala kwa nini bibi yao alihama kutoka Faza au Vanga. Kila jioni na mzee mmoja aulizwe swali moja, na kijana mmoja aandike jibu daftarini. Na hapa simu, tuliyoifungia kikapuni wakati wa kula, huruhusiwa kutoka kwa kazi ya heshima: kurekodi sauti ya bibi akieleza anavyopika, kwa maneno yake mwenyewe, yenye vipimo vyake vya kiganja na chembe. Siku atakapokuwa hayupo, hakuna kitabu cha mapishi kitakachoziba pengo la sauti ile.

Wanaopenda mchezo wa kutumia akili wana bao. Ubao wa bao la Kiswahili una safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Mtoto anayejifunza kunamua na kuendesha mtaji anafanya hesabu ya kujumlisha, kutoa na kukadiria bila kujua kuwa yumo darasani. Asiye na ubao achimbe mashimo mchangani, au apange vikombe vya mayai na punje za mbaazi. Dhumna nayo ina raha yake. Sharti ni moja tu: mchezo usiwe na fedha ndani yake, na aliyeshindwa asichekwe mpaka akalia.

Baridi za mbali

Jamaa zetu waliotapakaa duniani wana kipupwe chao, nacho huja wakati sisi tunatokwa na jasho. Mjini London, katikati ya Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Magharibi na Isha huswaliwa mapema, na usiku huwa mrefu ajabu. Muscat, ambako Kiswahili husikika majumbani kwa sababu ya uhusiano wa karne nyingi na pwani yetu, baridi yao nyepesi ni ya Desemba na Januari. Familia za Kiswahili za Ulaya hupika mbaazi za mkebe kwa tui la mkebe, na si haba. Kinachowakosesha raha si ladha ya mkebe bali ukimya wa nyumba. Mwenye jamaa huko na ampigie simu ya video wakati wa kusonga bokoboko, watoto wa pande zote mbili wakategana vitendawili. Sinia haifiki London, lakini kicheko kinafika.

Bakuli la jirani

Tumalizie kwa jambo ambalo bila yake yote tuliyoyasema yatakuwa na kasoro. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba apikapo mchuzi aongeze maji yake na awaangalie majirani zake. Tazameni hekima ya wasia huu: hakuamrishwa kununua nyama zaidi, bali kuongeza maji. Katika msimu ambapo bahari imefungwa, kuna nyumba katika kila mtaa ambayo chungu chake hakikupanda mekoni jana. Aghalabu wenyewe hawasemi. Utawajua kwa moshi usioonekana, na kwa mtoto anayepita karibu na mlango wako wakati wa chakula kisha akasema ameshiba.

Desturi yetu ya pwani iliupatia wasia huo njia yenye staha. Bakuli hutumwa kwa mkono wa mtoto, limefunikwa kwa kawa, na ujumbe huwa mfupi: mama anasema muonje. Hakuna anayeitwa maskini hapo. Jirani ameombwa aonje tu. Na bakuli halirudi tupu. Litarudi na ndimu tatu, au majani ya kisamvu, au dua. Mtoto anayelibeba bakuli kwenda na kurudi hujifunza ujirani kwa miguu yake.

Pendekezo letu kwa wasomaji, basi, ni dogo. Kuanzia wiki hii hadi mwisho wa Agosti, kila nyumba ichague usiku mmoja, na usiku wa kuamkia Ijumaa unafaa sana. Usiku huo kipikwe chungu kimoja cha msimu: mbaazi leo, supu wiki ijayo, bokoboko ya tatu, muhogo wa nazi ya nne. Watu wa nyumba wote wawe na mkono ndani yake. Chakula kiliwe katika sinia moja, bakuli moja litoke kwenda kwa jirani kabla ya tonge la kwanza, na baada ya kula kusimuliwe hadithi moja na kutegwe vitendawili vitatu. Wasomaji watakaotunga vitendawili vyao wenyewe na watuletee, tuwashirikishe wengine katika toleo lijalo inshaallah.

Mwenyezi Mungu awarejeshe salama wavuvi wetu walioko baharini, azijaze baraka akiba ndogo za majumbani mwetu, na azikutanishe nyoyo za jamaa zetu kabla ya mikono yao kukutana katika sinia. Amin.